Mkono Mzito na Sindano Laini

Mithika alishusha sindano juu ya santuri, akasikiliza kwa muda wa kumeza mate tu, akaiinua tena.

"Bado," alisema.

Nyanya Kathure, aliyekuwa amefungua kinywa ili aimbe pamoja na hiyo sahani ya muziki, alikifunga. Akamtazama mjukuu wake Kinya, mke wa Mithika, kwa jicho la kuuliza huyu mwanamume ulimtoa wapi. Kinya akamwongezea chai.

Nyanya alikuwa ametoka Kibirichia kabla ya jua, amekaa mbele kwenye pikapu ya mjukuu wake mwingine, Mutugi, aliyekuwa akileta viazi soko la Kangeta. Viazi vikiisha, gari linarudi, naye anarudi nalo. Hakuja kutembea. Alikuja kusikia sauti yake mwenyewe.

Akiwa msichana, kwaya yao ya kanisa ilipelekwa Nairobi, wakasimamishwa mbele ya chuma cha kunasa sauti, wakaimba, wakapewa chai na mkate, wakarudishwa nyumbani. Baadaye sahani ikatoka. Watu walimwambia wameisikia, tena yeye anasikika kabisa. Lakini kwao hakukuwa na mashine ya kuipigia, na mashine zilipojaa vijijini, sahani yenyewe haikuonekana tena. Sasa sikio la kushoto lilikuwa limeziba, na la kulia lilikuwa limeanza kufuata njia hiyo hiyo. Kinya alilijua hilo kwa sababu kwenye simu siku hizi nyanya alikuwa akijibu maswali ambayo hakuulizwa.

Ndiyo maana Kinya aliruka kama mtoto siku alipokuwa akisaidia familia ya mwalimu mmoja mstaafu kuhama, akaona jina la kwaya ile kwenye santuri ndogo iliyokaa chini ya mashine kuukuu. Akapewa vyote viwili, mashine na santuri, iwe shukrani ya kufua mapazia.

Mithika, fundi wa redio na simu, aliipokea mashine kama mtu aliyeletewa ng'ombe. Juu ya kichwa cha mkono wa mashine, pale sindano inapokaa, mwalimu alikuwa amebandika shilingi ya zamani kwa selotepu ili sindano isirukeruke. Mithika aliibandua akicheka, halafu akaacha kucheka.

"Huyu alikuwa analima sahani," alisema. "Uzito wote huu juu ya sindano! Hii sahani imepona kwa sababu hakuipenda, hakuipiga."

Akaagiza kichwa kipya, kidogo, chepesi. Kilipofika, shida ikageuka.

"Ona, Mama Kendi," alimwambia mke wake. "Huu mkono ni chuma kitupu, mzito. Na hii sindano mguu wake ni laini. Ni kama umetoa springi za kigari cha Probox ukafunga chini ya lori. Sahani ikijikunja kidogo tu, mkono mzima unaanza kudunda."

Basi akaupunguza mkono. Kipande cha chuma kilichoshika kichwa akakitupa, akachonga kingine chembamba kutoka kwa mti mwepesi. Uzito wa nyuma akausogeza mbele, akaurudisha, mpaka mkono ukaelea hewani wenyewe kama mwewe, kisha akaupa sindano mzigo wake kidogo kidogo. Akachora mistari kwenye karatasi ili kichwa kikae sawasawa na mfereji wa santuri, kisiangalie kando. Wiki nzima Kinya alikaa upande wa pili wa meza akiangalia mikono ya mume wake inavyokwenda. Alikuwa mtu wa kuangalia. Hakuwa na haraka ya kusema.

Kazi ilikuwa nzuri. Hata yeye aliona. Lakini leo, nyanya akiwa ameshafika, kulikuwa na mngurumo chini ya wimbo, na mkono ulikuwa ukitetemeka kama una homa.

"Huusikii?" Mithika aliuliza, shavu limevimba kwa miraa. Ilikuwa siku ya soko, na siku ya soko Kangeta shavu la mwanamume halikai tupu. Handasi, ule msisimko wa miraa, ilikuwa imemshika tangu asubuhi, na handasi ikimshika Mithika husikia nzi akitembea juu ya bati. "Uko pale chini. Gu-gu-gu-gu. Ni kichwa na mkono havijapatana. Nakitoa tena."

"Umekitoa asubuhi," Kinya alisema.

"Nakitoa tena."

"Mume wangu," nyanya akaingilia, maana mume wa mjukuu ni wa kutaniwa, "hata kuku ukimshika hivyo kila saa hatagi."

"Ngoja kidogo, Shosho. Nataka usikie vizuri."

"Nilisikia vibaya lini? Sijasikia kabisa!"

Mithika alicheka, lakini kucheka kwake hakukukaa. Alisimama, akakaa, akatafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake. Alichomoa kijiti kingine kutoka kwenye bunda, akakimenya kwa meno. Akashusha sindano, akajiegemeza mbele kusikiliza.

Kinya aliangalia kikombe cha nyanya. Kilikuwa mezani, kando ya mashine, na ndani yake chai ilikuwa ikipiga viduara vidogo, kimoja ndani ya kingine. Akashuka kwa macho kutoka kikombe hadi mguu wa meza, kutoka mguu wa meza hadi mbao za sakafu, kutoka mbao hadi kiatu cha mume wake. Kisigino hakikuwa chini. Goti lilikuwa linapiga, upesi upesi, kama mguu wa fundi cherehani.

Mithika akasimama kuchukua tochi. Chai ikalala.

Akakaa. Chai ikaanza tena.

Kinya nusura aseme. Lakini alimjua. Siku moja kanisani alimwekea mkono gotini. Mithika akatulia mstari mmoja wa wimbo, kisha mguu wa pili ukachukua kazi. Mtu wa handasi ukimwambia atulie, unamwongezea kitu kimoja zaidi cha kufikiria.

Huko nje honi ikalia. Ikalia tena, ndefu.

"Viazi vimeisha," nyanya alisema, akavuta kiondo chake. Alisema bila hasira, na Kinya hakulipenda hilo hata kidogo. "Basi. Nitakuja siku nyingine."

Siku nyingine, na sikio gani? Na Mithika alikuwa ameshaushika waya mdogo mwekundu unaoshika kichwa kwa koleo, mwembamba kama unywele wa mtoto, ambao upande mmoja ulikuwa umeanza kuchanika kwa kutolewa na kurudishwa.

"Baba Kendi," Kinya alisema. "Weka koleo chini. Toka nje umwambie Mutugi asubiri."

"Si umpigie simu?"

"Hashiki akiwa anapakia magunia matupu. Enda, yeye ni mtu wa kuondoka."

Mithika alimtazama, akaitazama mashine, akatoka mbio.

Kinya alifunga mlango. Alisogeza kiti cha nyanya, sikio la kulia likaelekea spika. Kisha akashika kishikio kidogo cha mkono wa mashine, kwa vidole viwili, kama alivyoona kikishikwa wiki nzima, akaushusha mkono.

Ikakwaruza kidogo. Halafu wasichana wakaanza kuimba.

Hakukuwa na mngurumo. Chai ilikuwa imelala kikombeni kama maziwa ya mgando. Mkono ulipanda na kushuka polepole na mkunjo wa sahani, bila kudunda.

Nyanya aliinua kidole. "Huyo ni Gatakaa! Unamsikia? Ananifunika! Nilimwambia arudi nyuma ya chuma, akasema yeye ndiye anajua. Hata kwa sahani bado ananifu—"

Akanyamaza. Wenzake walikuwa wamenyamaza pia, na sauti moja imebaki juu peke yake, nyembamba, haina woga, inavuta neno moja mpaka Kinya akajikuta anashika pumzi kumsaidia.

Nyanya hakuimba nayo. Aliweka mkono kifuani.

"Mimi nilikuwa na pumzi hivi?" aliuliza.

Honi ililia mara nyingine, ikakatizwa katikati. Kinya aligeuka. Dirishani alisimama Mithika, amekumbatia nondo za dirisha, kinywa wazi, kijiti cha miraa kimemnata mdomoni. Goti lake lilikuwa linapiga vilevile, lakini kule nje lilikuwa linapiga udongo mtupu.

"Ule mngurumo umeenda wapi?" alinong'ona. "Mama Kendi, ulifanya nini? Nije nione?"

"Baki hapo hapo," Kinya alisema, na mkono mmoja akazuia mlango.