Kifungo Kwenye Tope

“Mimi hakuna mwanamume aliyewahi kunidanganya,” alijigamba Mama Vifungo, sindano mdomoni, “isipokuwa yule aliyenioa na huyu niliyemzaa.”

Wateja wakacheka. Yeye alicheka kidogo tu. Alikuwa akishonea barazani, jua kisogoni, maana kibanda chake cha cherehani kilivunjwa ili gari la mwanawe lipate pa kulala. Dude jeusi, refu, kulipanda ni kama kupanda ghorofa. Na mtaa mzima ni lami tupu. Ofisini kwa kijana unafika hujamaliza karanga za mfukoni.

“La nini lote hili, Bosi wangu?” alimuuliza mwanawe siku ile ya nyundo.

“Mama, njia ya milimani ni matope. Nitakuletea mama mkubwa kabla macho yake hayajafumba kabisa.”

Kwa neno hilo akakubali. Hata ile sakafu ya udongo ya kibanda, iliyomeza vifungo vyake miaka yote, ilizolewa ikaenda kuziba dimbwi nyuma ya baa ya rafiki wa Bosi.

Jumamosi ya ahadi ikafika. Mama Vifungo akamtandikia dada yake kitanda. Jioni gari likarudi, tope hadi paani. Bosi akashuka peke yake, shati limenyooka.

“Mvua, mama! Njia imekatika. Hata hili limeshindwa.”

“Pole, baba,” akasema.

Mara honi ikalia getini, nyembamba kama ya baiskeli. Kigari cha kukodi, kidogo kama kiatu cha mtoto, kikamshusha dada mtu, mkongojo mbele, vumbi hadi kwenye kope.

“Nimemngoja huyo mwanao mpaka nikaota mizizi!”

“Dada, na mvua je?”

“Mvua ipi? Kule tunatafuna vumbi.”

Mama Vifungo alilisogelea gari, akapitisha kidole kwenye tope la mlango. Kucha ikagonga kitu. Akakibandua, akakifuta kwa upindo wa gauni: kifungo chekundu, cha matundu manne.

“Bosi,” akaita kwa upole, “siku hizi milimani wanapanda vifungo?”

“Kitakuwa kimerushwa na tairi, mama. Huko huko njiani.”

“Njia ipi, mwanangu? Ya milimani au ya baa?”

Bosi akapangusa mlango kwa mkono wa shati.

“Miiba ya kule, mama... ingeikwaruza rangi.”