Yai Lililopotea Samuye

Valerian, mwalimu wangu wa mazingaombwe, alinifundisha kwa miezi saba pale Nyasubi, Kahama. Nilijifunza kupoteza yai ndani ya mfuko wa kitambaa, kutabasamu huku mikono inatetemeka, na kutosema siri hata kwa mzazi. Alinipa na maneno yake ya jukwaani. Mtu akiuliza umejifunza wapi, unajibu kwa madaha: "Nimerithi kwa bibi yangu!" Wafanyabiashara wa Nyasubi walikuwa wakicheka mpaka wanashika mbavu.

Onyesho langu la kwanza peke yangu nikaomba liwe Samuye, kijijini nilikolelewa na bibi. Ujinga wangu mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Mchana ule uwanja wa shule ulijaa. Bibi Generosa alikaa mbele kwenye kigoda chake, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote, akinichekea kwa fahari. Nikatumbukiza yai, nikapuliza, nikaupindua mfuko. Mtupu! Watu wakapiga kelele.

"Martina, mjukuu wangu, umefundishwa na nani?" akauliza mzee Athanas, jirani yetu.

Maneno yakatoka yenyewe. "Nimerithi kwa bibi yangu!"

Hakuna aliyecheka. Waliokaa karibu na bibi wakajisogeza pembeni, na mama mmoja akamfunika mwanawe kwa khanga. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba ng'ombe watatu wa Athanas walikuwa wamekufa wiki ile. Nimekulia Samuye, najua jambo hili la vikongwe kuitwa wachawi linavyoanza, na najua linavyoishia kwenye panga. Safari hii nilikuwa nimelianzisha mimi, kwa mdomo wangu.

"Generosa," Athanas akasema taratibu, "kumbe."

Valerian, aliyenileta kwa gari lake, akaninong'oneza kutoka nyuma yangu, "Usifungue. Ukifungua, kazi basi."

Nikaugeuza mfuko nje ndani. Nikawaonyesha kijimfuko cha siri kilichoshonwa humo, yai limetulia ndani yake, nikamkabidhi Athanas.

"Babu, tazama, ni cherehani tu! Fundi wa Nyasubi ndiye aliyeshona. Bibi hajui lolote!" Nilikuwa nalia mbele za watu.

Athanas akaingiza vidole, akalitoa yai, akaligeuzageuza. Watoto wakacheka. Nikashusha pumzi.

"La yai tumeliona," akasema, akinirudishia. "La ng'ombe wangu je, limeshonwa wapi?"

Sikusubiri. Nilimpakia bibi kwenye gari la Valerian pamoja na kigoda chake, na mlango wa nyumba yake tukauacha wazi. Tangu siku hiyo Valerian hajanipandisha jukwaani tena.

Sasa bibi anaishi nami Nyasubi. Kila asubuhi ananiuliza tutarudi lini, maana kuku wake wanalala nje. Namwambia Jumamosi. Zimeshapita Jumamosi kumi na moja.