Uso wa Asnake

"Nyanyua mkono," Yeshimebet alisema.

"Nyanyua wako."

Yeshimebet akaunyanyua mwenyewe mkono wa mumewe, ule wa kulia uliokuwa umekufa ganzi, akaupenyeza kwenye sweta. Asnake alimtazama kwa chuki ambayo mkewe alikuwa ameizoea tangu Pasaka. Zamani mumewe alichonga mawe ya kutandika barabara za Addis Ababa, mtu mpole asiyejua kumwita mkewe bila kuongeza neno zuri mbele ya jina. Daktari alieleza kwamba uvimbe umekaa upande wa mbele wa ubongo. "Akikutukana, usimhesabie," alisema. Lakini sauti ilikuwa ileile, na matusi aliyachagua vizuri.

Mashine ya mionzi ilikuwa imeharibika kwa wiki saba. Jana hospitali ilipiga simu: imepona, njooni kesho, asiyefika nafasi yake imekwenda.

Walifika kwenye dirisha la mapokezi saa mbili na nusu. Karani alikuwa msichana aliyevaa koti la sufu mpaka shingoni. Aliitazama kadi ya bima, akamtazama Asnake, akairudia kadi.

"Huyu siye."

"Ndiye, dada."

"Mama, nina macho. Wa kwenye picha ana taya na nywele. Huyu mashavu yamemjaa hadi masikioni."

"Ni vidonge vyenu. Mlisema ale kila siku mpaka mashine itengenezwe. Ndivyo vilivyomvimbisha."

"Mwezi uliopita mtu aliingia hapa na kadi ya marehemu shemeji yake. Waliokatwa mshahara ni sisi." Akainama kwenye tundu la kioo. "Baba, unaitwa nani?"

"Asnake Woldeyes."

"Na huyu mama ni nani wako?"

Asnake alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kama anayeangalia bidhaa asiyotaka kununua.

"Mtumishi. Ananiibia chakula."

Foleni ikacheka. Mwanamume mmoja nyuma akasema, "Afadhali yangu mimi, wangu huniibia usingizi." Wakacheka tena. Usiku kucha Yeshimebet alikuwa amemgeuza mtu huyu kitandani asipate vidonda.

"Barakoa yake mnayo ndani," akamwambia karani. "Ile ya plastiki ya kumshikia kichwa. Mliifinyanga juu ya uso wake na mkaiandika jina. Ileteni."

Karani hakutaka. Lakini foleni sasa ilitaka kuona, na kelele zikamtoa fundi wa mionzi, kijana mrefu mwenye macho ya uchovu. Alirudi na barakoa yenye matundu kama kichungio, jina limebandikwa kwenye paji. Akamkalisha Asnake kwenye benchi, akaiweka. Pua iliingia. Mashavu yakagoma. Fundi alipokandamiza, Asnake alinguruma, na barakoa ilipotolewa iliacha alama za wavu mwekundu chini ya macho.

"Ilitengenezwa lini?" fundi aliuliza.

"Siku mbili kabla mashine yenu haijafa."

"Basi haimfai tena. Inatakiwa mpya."

"Tengeneza."

"Siwezi bila fomu ya dirishani."

"Na mimi sitoi fomu bila kadi yenye picha inayofanana," karani akasema. "Nenda serikali yenu ya mtaa wakupe kadi yenye picha mpya. Wako mkutanoni hadi Jumatatu. Nafasi nampa mwingine. Nyinyi, labda baada ya wiki tisa."

"Daktari alisema wiki tisa hana."

"Hayo mwambie daktari. Anayefuata."

Yeshimebet alimhamishia Asnake kwenye benchi lililoelekea dirisha, akakaa naye. Mlinzi akaja.

"Mama, benchi hili ni la wanaosubiri huduma."

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Uso wake upungue."

Mlinzi akamtazama karani. Karani akajifanya anasoma. Yeshimebet akafungua chombo, akamega mkate wa injera, akauchovya kwenye mchuzi wa shiro na kumlisha mumewe mbele ya watu wote.

"Haina chumvi," Asnake akasema.

"Kula."

Walikaa hivyo mpaka dirisha likafungwa. Walilala barazani pamoja na jamaa za wagonjwa wengine, Asnake akimtukana hadi usingizi ulipomchukua. Alfajiri Yeshimebet alimnawisha kwa maji ya chupa na kumrudisha palepale, wa kwanza kwenye foleni.

Karani alipovuta pazia, Asnake alikuwa ameegemea kioo, mashavu yake yamejaa tundu zima la dirisha. Msichana akarudi nyuma hatua moja.

Yeshimebet hakuitoa kadi.

"Leo unamjua?" akauliza.