Barabara Tu

Upepo wa mbisho uliwapokea usoni nje ya mji na haukuwaacha tena. Maren alishika usukani mbele, mgongo umempinda. Nyuma yake, kwenye baiskeli hiyohiyo ya viti viwili, dada yake Thea alikanyaga pedali bila kulalamika. Thea alipofuka mwaka juzi. Kuvuka Amerika kwa baiskeli ilikuwa ndoto yake ya ujana, na Maren ndiye aliyemwapia: "Tutakwenda. Macho nitakuwa mimi."

Tangu Virginia alikuwa ameitimiza ahadi. Alimweleza mito, maghala mekundu, hata mbwa waliowafukuza kule Kentucky. Lakini Wyoming haina huruma. Kufikia adhuhuri midomo yake ilikuwa imepasuka, na kila neno alilolitoa upepo ulimrudishia kooni pamoja na vumbi.

"Mdogo wangu, tunapita wapi hapa?"

"Vichakani."

"Vichaka vya rangi gani?"

"Rangi ya vichaka, dada!"

Thea akacheka. "Haya, mama mkali, nimekoma."

Hakukoma. Walipokuwa wakipanda mlima mrefu aliinua kichwa ghafla. "Kuna kitu huku kulia. Ni nini?"

Maren alitupa jicho. Swala, kundi zima, walikuwa wakitimka sambamba nao kando ya seng'enge. Ulimi ulimlemea. Akianza kueleza yangefuata maswali, na maswali ya Thea huzaana.

"Hakuna kitu. Barabara tu."

Kisha akainama, akalikodolea macho gurudumu la mbele, asije akaona zaidi.

Jioni walikula katika mkahawa pekee wa kijiji walichofikia. Mzee mmoja wa Nebraska, Dwight, aliyekuwa akiendesha baiskeli nyuma yao mchana kutwa, aliwajia na sahani yake ya nyama na viazi.

"Nyinyi mna bahati ya mtende! Wale swala wamewasindikiza kama maharusi, na mimi nawaangalia kwa mbali, nahema kama mbwa!"

Uma wa Thea ulisimama hewani. Uso wa Maren ukawaka moto. Alisubiri lawama, lawama ingekuwa nafuu.

"Kumbe zilikuwa kwato," Thea alisema polepole. "Nami nikadhani ni moyo wangu." Akamgeukia mdogo wake. "Haya basi, niambie. Walikuwaje?"

Maren alifungua kinywa. Alipekua kumbukumbu yake yote, akakuta tairi jeusi likizunguka juu ya lami. Angeweza kutunga. Thea angeamini kila neno, na hilo ndilo lililomtisha.

"Sikuwatazama, dada."

Mzee Dwight aliwaangalia wote wawili, akaelewa nusu, akavuta kiti.

"Aliyetangulia alikuwa jike," alianza. "Mkubwa, kifua cheupe…"

Thea alimwelekezea uso mzee yule, akamsikiliza. Mkono wake ukawa unapapasa mezani taratibu. Maren hakujua kama ulitafuta chumvi au ulimtafuta yeye. Wala hakuthubutu kuusogeza wake.