Bei ya Nyumbani

"Shika kapu, twende," alisema Silvano, na Eufrasia akageuka.

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, amevaa viatu vyake vya kanisani. Viatu hivyo havikuwa vya Jumamosi, na mguu wa Silvano haukuwa wa sokoni. Tangu waoane, alipita kando ya soko la Ifakara kama mtu anayepita kando ya nyumba yenye mbwa mkali.

"Twende wapi, Baba Luciana?"

"Sokoni. Na mimi leo nikaone."

Eufrasia alijua neno hilo limetoka wapi. Silvano alikuwa ameacha kazi ya miwa kule Kidatu, amerudi kukaa nyumbani, na mwanamume aliyezoea kazi akikaa bure huanza kusikiliza. Jana yake alikuwa kwenye kahawa na jirani yao Fulgensi. Fulgensi, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, alisema kanunua fungu la perege kwa elfu tano. Silvano akasema, kwetu ni elfu nane. Wenzake wakacheka. Alirudi nyumbani akala ugali, na hata chumvi iliyopungua hakuilalamikia.

"Kuna jua," alijaribu Eufrasia. "Na goti lako hilo?"

"Goti langu liko sawa."

Basi wakatoka, yeye mbele, mke nyuma na kapu. Njia nzima Eufrasia alikuwa akiwapitia wauzaji wake kichwani, mmoja mmoja. Nani mwepesi wa kuelewa jicho? Nani mzito?

Kwa sababu Eufrasia alikuwa na bei mbili. Ya kwanza ni bei ya mwisho, ile ambayo muuzaji akishaitaja anatazama pembeni. Mji mzima ulijua kwamba hakuna anayeifikia kama Mama Luciana. Alijua saa ambayo gari la Malinyi hupiga honi, na wenye mchele wanaoogopa kuachwa wanalegea. Alijua barafu ya wenye samaki inakwisha lini. Alijua kuwa shule zikikaribia kufunguliwa, hata mwenye duka la sufuria anakuwa mpole kama mchumba. Watu wenye harusi walimtuma awanunulie, na alikuwa akirudi na chenji ambayo kamati haikuitegemea.

Bei ya pili aliiita bei ya nyumbani. Hiyo ndiyo aliyokuwa akimpelekea Silvano. Katikati ya bei hizo mbili kulikuwa na nafasi ndogo, na miaka minne sasa, nafasi hiyo ilikuwa ikigeuka bati. Bati moja, kisha miezi inapita, kisha bati jingine. Yote yalikuwa yamelazwa stoo kwa Masanja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, yakisubiri nyumba ya mama yake Eufrasia kule kijijini Mofu. Masika iliyopita mama alilala amekaa, beseni mapajani, nyasi za paa zikimvujia. Na Silvano alikwisha kuapa kwamba senti yake haitavuka kwenda kwa mwanamke yule.

Yote yalianzia kwenye blanketi. Siku ya kupeleka mahari, Silvano alikuwa kijana mwembamba mwenye suruali ya kuazima. Alileta kila kilichotajwa, na blanketi la mama mkwe juu yake. Mama alilichukua mbele ya wageni wote, akaliinua mpaka puani, akanusa. "Hili limeshalaliwa," akasema. Wageni walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Na kweli lilikuwa la mtumba, limefuliwa na kukunjwa vizuri. Silvano alikuwa ameuziwa kwa bei ya jipya, na zaidi. Hakujua. Tangu siku ile hakununua tena kitu chochote kinachohitaji kuulizwa bei, na hakukanyaga tena Mofu.

Walianza kwa Jane wa nyanya. Jane alimwona Silvano, akamwona Eufrasia nyuma yake, na Eufrasia akafumba jicho moja haraka, kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kopo la sado ngapi?"

"Elfu sita, baba yangu. Nyanya zimepanda."

Ndiyo bei ya nyumbani hiyo. Silvano alitikisa kichwa polepole. Kwenye vitunguu ikawa hivyo hivyo. Kwenye mafuta, kijana wa duka alielewa hata kabla hajaangaliwa. Eufrasia alianza kupumua. Akaona soko zima ni ndugu zake, na akajiambia kwamba Fulgensi atakwenda kuambiwa ni mwongo.

Lakini Restuta wa samaki alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye gari la Malinyi. Alikuwa ameinama, anapaa magamba, mikono imemjaa samaki mpaka kwenye viwiko. Eufrasia alikohoa. Akakohoa tena. Akafumba jicho, akalifumbua, akalifumba.

"Perege fungu bei gani?" aliuliza Silvano.

"Elfu nane, mzee." Hapo ndipo Restuta alipoinua kichwa. Akamwona Eufrasia, na uso wake wote ukacheka. "Ee! Mama Luciana! Kumbe huyu ndiye baba mwenyewe? Shikamoo baba! Samahani, nilikuuzia kama mpita njia. Wewe toa elfu nne na nusu, bei ya mama siku zote."

Alichukua perege mmoja mnene, akamtupia juu ya fungu.

"Na huyu ni nyongeza. Baba, una mke! Huyu mama hapunjwi. Wanawake wa soko hili tunamwogopa kuliko mgambo."

Restuta alisema yote hayo kwa upendo. Hakuna adui ambaye angeweza kufanya vibaya zaidi.

Silvano alilipa. Akageuka, na badala ya kuelekea njia ya kutoka, akarudi mpaka kwa Jane wa nyanya.

"Binti. Mke wangu huwa unamuuzia ngapi?"

Jane alimtazama Eufrasia. Akatazama nyanya zake. Akaokota moja iliyokuwa safi tayari, akaanza kuifuta kwa kanga.

"Baba, mimi naona muulizane wenyewe."

Silvano alisogea mpaka kwenye kivuli cha ukuta wa choo cha soko, mahali pasipo na mtu, na Eufrasia akamfuata. Tangu zamani alikuwa ameuandaa uongo wa siku hii: angesema ni hela ya mchango wa kikoba, angesema amemkopesha shangazi. Sasa uongo wote ulikuwa umemkimbia.

"Hela yangu iko wapi?" aliuliza Silvano. Sauti ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyomtisha.

Eufrasia aliona aibu, na hapo hapo akaona hasira. Yako? Na mpunga niliopalilia na maji magotini? Na jua hili ninalosimama nalo mpaka honi ya Malinyi ilie? Lakini hayo hayakutoka.

"Ni mabati," alisema. "Ya mama."

Mwendesha bodaboda alipita akipiga honi. Silvano alikuwa anatazama viatu vyake vya kanisani, vilivyoingia vumbi.

"Nipeleke nikayaone."

Masanja aliwafungulia stoo mwenyewe, akiwasalimu kwa furaha ya mtu asiyejua lolote. Mabati yalikuwa yamelazwa ukutani, ya chini yameshapata vumbi jekundu, ya juu bado yanameta. Silvano alichuchumaa, goti likalia. Akapitisha kidole kwenye migongo ya mabati, moja baada ya jingine, kama anayehesabu mbavu za ng'ombe. Eufrasia alikuwa amekumbatia kapu. Tangu Pasaka Silvano amekuwa akisema jiko lao linavuja, jiko linataka kuezekwa upya. Akiamua, nani wa kumkataza? Mabati ni ya hela yake, kila mtu angesema hivyo, hata padri.

"Nyumba inataka mangapi zaidi?" aliuliza bila kugeuka.

"Mawili."

"Masanja, bati bei gani?"

"Elfu ishirini na nane, mzee."

"Na ya mwisho?"

Masanja alicheka. "Mzee, ya mwisho unaniuliza mimi, na mama huyo hapo?"

Silvano alimgeukia mke wake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi amtazame usoni.

"Ya mwisho ni ngapi?"

Ulimi wa Eufrasia ulikwenda wenyewe kule ulikozoea kwenda, kwenye bei ya nyumbani. Aliurudisha. Ilimuuma kama kung'oa mwiba.

"Ishirini na nne," alisema. "Ukichukua mawili na ukilipa hapo hapo, anakubali na ishirini na tatu na nusu."

"Mama!" alilalamika Masanja, lakini aliufuata kwa macho mkono wa Silvano ulipoingia mfukoni.

Kijana wa guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, aliitwa. Walipakia mabati yote, mapya juu ya yale ya zamani, na Silvano akayafunga mwenyewe kwa kamba, akavuta mpaka yakanyamaza. Kisha kijana akapanda kwenye kiti chake, akauliza swali ambalo Eufrasia alikuwa analiogopa tangu mlango wa stoo ulipofunguliwa.

"Wapi, mzee?"

Upande mmoja barabara ilikwenda nyumbani. Upande wa pili ilikwenda stendi. Juu ya milima ya Udzungwa wingu la kwanza la mvua lilikuwa limekaa, bado jeupe. Silvano alilitazama kwa muda mrefu.

"Mama Luciana," alisema, "kutoka hapa mpaka yanakopaki magari ya Mofu, guta ni ngapi?"

Eufrasia aliupima mzigo kwa macho. "Elfu tatu," alisema.

"Mama, tano!" alisema kijana.

"Tatu," alisema Silvano. "Umemsikia."

Akamsaidia mkewe kupanda juu ya mabati, samaki mapajani, bati likimchoma kwa joto la jua kupitia kanga. Yeye mwenyewe akatembea kando, mkono juu ya mzigo. Eufrasia hakujua kama amesamehewa au ameahirishiwa, na hakuwa na ujasiri wa kuuliza.

Karibu na stendi, Silvano aligonga bati kwa kiganja. Guta likasimama mbele ya duka lenye mashuka na magodoro yaliyotundikwa nje. Aliingia peke yake.

Kutoka juu pale Eufrasia alisikia kila kitu. Alimsikia mumewe akiuliza blanketi zito, la mtu mzima. Alimsikia mwenye duka akinyamaza kidogo, akiwa bila shaka anavipima vile viatu vya kanisani, kisha akisema, "Elfu sitini, mzee wangu, kwa sababu ni wewe."

Elfu sitini! Blanketi lile lilikuwa elfu thelathini na tano, na kwa saa hii, kabla ya mvua, hata thelathini. Mdomo wa Eufrasia ulifunguka. Aliona kijana wa guta anamtazama, anangoja. Akaufunga. Akashika kingo za bati kwa mikono miwili.

"Ya mwisho?" ilisikika sauti ya Silvano mle ndani.

"Hamsini na tano."

Kisha mchakacho wa noti.

Silvano alitokea mlangoni, blanketi mikononi, limekunjwa, jekundu na mistari myeusi. Hakumtazama mke wake wala guta. Alisogea mpaka penye mwanga mzuri, akaliinua blanketi mpaka usoni, akafumba macho, akanusa.