Kamati ya Wakwe

Jumamosi nyingine tena stima ya Karuguma ilizirai katikati ya mpira, na Jumamosi nyingine tena Ireri ndiye aliyetukanwa.

Taa zilianza kufifia, zikawa nyekundu, kisha televisheni ya ukumbini ikazimika wakati mchezaji ameshainua mguu apige penalti. Wanaume wote wa kijiji, waliokuwa wamebanana kwenye mabenchi waliyoyatoa kanisani bila kumwambia mchungaji, wakabaki gizani wakiulizana kama mpira uliingia. Walipochoka kuulizana, wakakumbuka kwamba stima ina mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Ireri. Ndiye aliyeshika ufunguo wa kibanda cha mashine kule bondeni, chini kidogo ya msitu wa Mlima Kenya. Kazi ya mashine ile haikuwa na siri. Maji yalichotwa mtoni kwa mfereji ambao kijiji kizima kiliuchimba kwa majembe, yakakaa kwenye tangi, yakashuka kwa bomba mpaka kibandani, yakazungusha gurudumu, halafu yakarudi mtoni salama salimini, hayajapungua hata kikombe. Hakuna kilichochomwa wala moshi uliotoka. Kila nyumba iliruhusiwa taa mbili, redio, na simu za wenyewe, na ukumbi ukaruhusiwa televisheni kwa sababu wanaume ndio walioandika sheria.

Ireri aliipenda ile mashine kupita kiasi. Aliipangusa kila jioni kwa fulana laini, sehemu baada ya sehemu, na ufunguo aliuvaa shingoni hata akienda kuoga. Mkewe Wamuyu aliwahi kumwambia kwamba yeye mwenyewe, tangu aolewe, hajawahi kupanguswa namna ile.

"Mimi nasema hivi," Kithaka alisimama pale gizani. Kithaka alikuwa na jenereta ya dizeli. Kabla ya mashine ya maji kuja, yeye ndiye aliyechaji simu za watu na kuonyesha mpira, na siku hizo aliitwa mheshimiwa. Sasa jenereta yake ililala kwenye kibanda cha kuku, na kuku walitagia juu yake. "Tumpee Ireri Jumamosi moja tu. Stima ikipotea tena, hiyo ufunguo nipewe mimi. Na siku za mpira nitawawashia jenereta."

Watu wakapiga makofi. Ireri alishika ufunguo wake kifuani na kuhisi machozi yanakuja, jambo ambalo giza lilimsaidia kulificha.

Asubuhi yake, Jumapili, Wamuyu alitoka chumbani nywele zimenyooka, zinang'aa, zimelala mabegani vizuri ajabu. Hata Ireri na huzuni yake alitulia kidogo.

"Umefanya nini nywele?"

"Nimechana tu."

Na mwanamume mwenye akili zake timamu, fundi wa stima, akaamini. Kanisani alikuta karibu wanawake wote wamechana tu. Wanaume wakawaangalia wake zao kwa furaha, kisha wakarudi kulalamika juu ya giza la jana, na hakuna hata mmoja aliyeunganisha mambo hayo mawili.

Katikati ya wiki Ireri alifuata nyaya, nguzo kwa nguzo, akitafuta anayekula stima kuliko haki yake. Laini ya chini ilikuwa safi, na ya kati pia. Kwenye laini ya juu, nyumba ya mwisho, aliona waya mnene kama kidole ukitoka kwenye nguzo na kuingia kwenye dirisha la chumba cha kulala. Alishangilia pale pale juu ya ngazi. Halafu akatazama ni nyumba ya nani, na furaha yote ikamwishia miguuni.

Ilikuwa nyumba ya mama mkwe wake, Ruguru.

Hapa inafaa kueleza jambo moja ambalo watu wa Karuguma huwa hawapendi kuelezwa. Kamati yao ya stima ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti Mugambi, mwalimu mstaafu, alimwoa Ciku, kifungua mimba wa Ruguru. Mweka hazina Runji alimwoa Veronicah, wa pili. Ireri wa mashine akamwoa Wamuyu, kitinda mimba. Kila mmoja alichaguliwa siku yake na kwa sifa zake, na hakuna aliyegundua kwamba kijiji kimeweka stima yote mikononi mwa wakwe wa boma moja. Na mkwe wa kwetu hamshiki mama mkwe mkono, hali chakula machoni pake, haketi benchi moja naye, wala hambishii. Kuhusu chumba chake cha kulala, hata kikiwaka moto, mkwe hukimbia kumwita mtu mwingine aje akizime.

Kamati ilikutana nyuma ya ukumbi, kwa sauti ya chini.

"Wewe ndiye mwenyekiti," Ireri alisema. "Enda umuulize."

"Mimi ndiye mkwe mkubwa," Mugambi akajibu. "Mimi ndiye siwezi kabisa."

"Twende sote," Runji akasema. "Tukiwa watatu, aibu itagawanyika."

Walienda kesho yake, na kwa kuwa mkwe haendi mikono mitupu, walibeba sukari, majani chai na mkate. Ruguru alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, mwenye macho yanayoona mpaka nyuma ya mtu. Aliwakaribisha, akawapeleka kwenye chumba cha wageni, akawaletea chai ya maziwa na sinia la mukimo wa viazi na mahindi, akatoka nje ili wale kwa amani. Walikula mpaka wakafungua mishipi. Ndipo akarudi mlangoni, uso ameuelekeza uani.

"Haya, watoto wangu. Mlikuja na neno?"

Mugambi akakohoa, akamwita mama kwa lugha ya nyumbani. "Maitu, tumekuja... kuuliza vile mnaendelea huku juu."

"Tunaendelea vizuri. Na stima yenu je?"

Wale watatu wakatazamana.

"Stima ni nzuri sana, Maitu," wakasema kwa pamoja.

Usiku huo Ireri alimwomba Wamuyu amsaidie. Aingie tu chumbani kwa mama yake, achungulie waya unaenda wapi. Wamuyu akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Ati nipeleleze mamangu? Kwani mimi ni CID?" Akageukia ukutani, na nywele zake nzuri zikamgeukia Ireri.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulijaa mapema. Ireri alisimama kibandani, macho kwenye kile kisahani chenye mshale wa kuonyesha nguvu ya stima, na nje ya mlango Kithaka alishasimama na kiganja kimefunguliwa. Giza lilipoanza kuingia, mshale ukatikisika, ukaanza kushuka. Taa ya kibanda ikawa nyekundu. Kule ukumbini watu wakaanza kupiga kelele.

Ukutani kulikuwa na swichi tatu: laini ya juu, ya kati na ya chini. Ireri aliijua dawa. Aliijua pia adhabu yake. Mkwe amzimie mama mkwe taa, amwache gizani kama mtu asiye na watu! Alifikiria ufunguo ukiwa shingoni mwa Kithaka. Akafumba macho, akasema "Maitu, unisamehe," akaizima laini ya juu.

Mshale ukapanda. Taa ikawa nyeupe. Kule ukumbini zikalipuka kelele za goli, na baada ya goli watu wakaanza kuimba jina la Ireri. Kithaka alikunja kiganja chake, akaondoka. Kwa muda mfupi hakukuwa na mtu mwenye furaha kuliko Ireri katika Embu nzima.

Halafu wakaja wanawake.

Walishuka kwa njia ya juu wakiwa na tochi, na wa kwanza kuingia kwenye mwanga wa mlango alikuwa Wamuyu. Upande mmoja wa kichwa nywele zilikuwa zimenyooka na kulala vizuri. Upande wa pili zilisimama wima. Nyuma yake alikuja Ciku wa mwenyekiti, taulo kichwani, maji yakimchuruzika shingoni. Nyuma ya Ciku alikuwa mke wa Kithaka mwenyewe, na nyuma yake foleni ya waimbaji wa kwaya ya akina mama.

"Ni nani amezima?" Wamuyu akauliza.

Ireri alitazama zile nywele, upande huu na upande ule, na mambo yote ya Jumamosi na Jumapili yakaja kukutana kichwani mwake kwa mpigo mmoja.

"Wamuyu... kwani nywele..."

"Ni mashine ya kukausha. Ciku aliinunua Nairobi, iko kwa Mama. Kesho ni siku ya akina mama kanisani na askofu anakuja. Washa."

Ireri aliweka kidole kwenye swichi. Kutoka ukumbini akasikia jina lake likiimbwa.

"Si mngoje kidogo tu," akasema. "Mpira umebaki dakika chache."

Katika maisha yake Ireri alishasema maneno mengi ya kipumbavu, lakini hilo lilikuwa na kiti chake peke yake. Wanawake waligeuka mmoja mmoja, wakarudi walikotoka. Mpira ulipoisha Ireri aliiwasha laini ya juu, lakini kwa hasira hakuna aliyerudi kukausha.

Kesho yake akina mama wote walikuja kanisani wamejifunga vitambaa mpaka kwenye nyusi. Kwaya iliimba meno yamekazwa. Askofu aliwasifu kwa unyenyekevu wa mavazi yao, na hilo likawaumiza zaidi. Hakuna nyumba iliyopika chakula cha mchana, na wanaume waliingia kwenye mkutano wa stima alasiri ile na njaa ya kweli.

Kithaka alikuwa wa kwanza kusimama. "Mtu anayemzimia mama mkwe taa," akasema kwa huzuni kubwa, "huyo kweli anaweza kuachiwa ufunguo wa kijiji?"

Wale walioimba jina la Ireri jana walitazama wake zao, wakakunja mikono. Mugambi, aliyeketi meza kuu pamoja na Runji na Ireri, alikuwa anainuka kuongea pale mlango ulipofunguka na Ruguru akaingia na kiondo chake. Alienda moja kwa moja mpaka kwenye benchi la meza kuu. Wakwe watatu wakaruka kama walioketi juu ya siafu, wakaenda kusimama ukutani. Ruguru akaketi katikati, peke yake, akawa mwenyekiti bila kupigiwa kura.

Akatoa mashine ya nywele kiondoni, akaiweka mezani.

"Mwizi wenu ni huyu. Mumtazame." Akageuza uso dirishani. "Sasa huyo wa mashine ya maji aulizwe. Maji ya mchana hufanya nini?"

Ireri alijibu akitazama ukuta. "Hupita tu, Maitu. Nafunga geti ya bomba asubuhi mpaka jioni, maji inarudi mtoni. Mwenyekiti alisema tusimalize maji."

"Na jioni ukifungua, huwa yameongezeka?"

"Hapana, Maitu."

"Ni yale ya mchana yamengoja?"

Swali hili Ireri alilijua siku nyingi. Kila mchana alikuwa akisimama pale getini akiyaona maji yanapita bure, na yalimuuma, lakini Mugambi alikuwa mkubwa wake na alisema kwa sauti ya darasani.

"Ya mchana saa hiyo yameshafika kwa watu wa Mbeere kule chini," akasema. "Ya jioni ni mengine. Yanatoka tu mlimani."

"Kwa hivyo mmekuwa mkihifadhi nini?"

Mugambi alichunguza viatu vyake. Mtu mmoja nyuma akacheka, akafinywa na mkewe.

"Mchana hamna stima," Ruguru akaendelea, bado akiongea na dirisha, "halafu mnashangaa wanawake wanakausha nywele jioni. Mashine izunguke mchana. Nywele zikaushwe mchana. Jioni mtazame huo mpira wenu mpaka macho yaume."

Wanawake wakainua mikono, na mkono wa mke wa Kithaka ulikuwa juu kuliko yote.

"Na ufunguo?" Kithaka akauliza kwa sauti ndogo.

"Unabaki ulipo," Ruguru akasema. "Lakini huyo ataniletea mbuzi kwa kunizimia taa. Na huyo mbuzi asiwe mzee."

Jumamosi iliyofuata Ireri alifungua geti jua likiwaka. Maji yakaingia kwenye bomba, mashine ikaanza kuimba mchana, na yeye akaimba nayo. Kisha simu ikalia. Soketi ya Mama imeungua, Wamuyu akasema, na kichwa cha mke wa mchungaji kimebaki nusu.

Alipanda na bisibisi mkono mmoja na kamba ya mbuzi mkono mwingine. Waya ulikuwa umetolewa nje kwa dirisha la chumba, kwa heshima yake. Akachuchumaa uani, akaanza kazi. Ruguru aliketi kwenye kigoda, mgongo wake ukiwa umeelekea mgongo wa Ireri.

"Huyo mbuzi ni mnono?"

"Ni mnono, Maitu."

"Na stima?"

Ireri alifungua mdomo kusema ni nzuri sana. Akaufunga. Akakaza skrubu ya mwisho polepole.

"Hiyo mashine ya nywele inakula stima mingi, Maitu. Ukiiwasha tena jioni, nitazima."

"Utanizimia tena? Mimi?"

"Nitazima," Ireri alisema, jasho likimtoka, "na nitaleta mbuzi mwingine."

Nyuma yake akasikia kigoda kikitikisika, na akatambua kwamba mama mkwe wake anacheka.

"Ndiyo maana nilisema ufunguo ubaki kwako," akasema. "Hao wenzako wawili wangekunywa chai tu."