Deki Mbili za Shemeji Vitalis

Tangu anunue deki mpya ya kuchezea diski za video, Vitalis aliigeuza sebule yake ya Kagarama kuwa kanisa, na yeye mwenyewe akawa askofu. Mapazia yalifungwa mchana kweupe na mgeni alikaa pale alipoelekezwa. Leah, mdogo wa mke wake, alipanda kutoka Nyamirambo siku hiyo kwa jambo moja tu: aiombe deki ya zamani. Alipofika akamkuta Karangwa, rafiki wa Vitalis wa ofisini, ambaye alikuwa ameshaahidiwa deki hiyohiyo.

Diski ya sendofu, sherehe ya kumuaga dada yake Leah kabla ya kuolewa na Vitalis, ndiyo iliyokuwa na video pekee ya marehemu mama yao. Na ndiyo diski ambayo Vitalis aliitumia kuonyesha maajabu ya mashine yake, inayosafisha picha yenyewe. Iliisafisha kweli. Mama alitokea na uso laini kama sahani ya plastiki. Kovu la chini ya jicho, lililokuwa likijikunja kila alipocheka, lilikuwa limefutwa.

"Umeona ngozi hiyo, shemeji? Mama mkwe kawa binti! Na suti yangu je? Uzi mmoja mmoja!"

Suti. Miaka yote hiyo mtu huyu ameitazama diski ile, na hajawahi kuona kitu kingine.

"Iko safi, bwana," Karangwa alisema. "Lakini ile ya zamani pia iko sawa tu. Nitaibeba leo."

"Sawa? Una macho wewe?" Vitalis alichomwa. "Haya, tupime. Mpiga video alitupa nakala mbili, kila deki ina yake. Sisi tunageukia ukuta, shemeji anaweka anayotaka, halafu tutasema ipi ni ipi."

Wanaume wawili wazima, wenye vitambulisho vya ofisi shingoni, wakaukabili ukuta kama watoto waliopatikana na kosa. Leah akaweka deki ya zamani.

"Geukeni."

Mama alicheka. Kovu likajikunja.

"Ukungu mtupu," Vitalis alisema, kichwa kimeinama upande kama daktari.

"Rangi yake iko imekufa," Karangwa akaongeza.

Wakaugeukia ukuta tena. Leah alishika rimoti, kidole juu ya kitufe cha kuhamia deki mpya. Kukibonyeza ilikuwa kumfuta mama kwa mara ya pili, na kwa mkono wake. Hakukibonyeza. Alirudisha tu picha nyuma, akaianzisha upya kwenye deki ileile.

"Geukeni."

"Aaah!" Vitalis alipiga paja. "Weusi huo una kina! Sasa hiyo ndiyo mashine!"

"Eh, bwana! Huyu mama karibu atoke nje!" Karangwa alisogea mbele. "Basi ile ya kwanza sitaki, hata ya bure. Mke wangu atanicheka."

Maneno yalimjaa Leah mdomoni, matamu kuliko asali. Sentensi moja tu, na maaskofu hawa wangenywea kwenye makochi yao. Lakini sentensi hiyohiyo ingeirudishia deki thamani yake, na Karangwa angeibeba. Akaimeza.

"Kama hamuitaki, nipeni mimi. Nina televisheni yangu ndogo."

"Chukua, shemeji, chukua. Nyinyi wa Nyamirambo mnajulia wapi picha?"

"Hatujui kweli, shemeji," Leah alisema, tayari amepiga magoti akichomoa nyaya. Skrini ikawa nyeusi. Vitalis alinyakua rimoti, akahangaika na vitufe mpaka deki mpya ikashika.

Leah alikuwa anavaa viatu mlangoni, deki kwapani na diski ndani yake, aliposikia sauti ya shemeji yake.

"Ona, Karangwa! Si ndiyo ileile tuliyoona sasa hivi?"

"Ileile kabisa," Karangwa alijibu. "Macho hayadanganyi."

Leah aliufunga mlango taratibu, wasije wakamsikia anacheka.